Lehemu Ikipanda, Ulizia Kwanza Tezi ya Shingo

Mtu akiambiwa lehemu yake imepanda, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye sahani. Mayai yanaondolewa mezani, nyama choma inapigwa marufuku, chapati zinahesabiwa. Baada ya miezi mitatu anarudi kupima, na namba imesogea kidogo tu au haikusogea kabisa. Anajilaumu. Nyumbani nao wanamshuku kwamba anakula kwa kujificha. Baadhi ya watu hao wamejinyima kweli, ila shida yao imeanzia kwenye tezi ndogo inayokumbatia bomba la hewa mbele ya shingo, ambayo hospitalini huitwa tezi ya thairoidi.

Wengine tayari wanajua kwamba tezi yao ina ugonjwa. Wamewahi kufanyiwa upasuaji wa goita, au wamekunywa iodini ya mionzi, au wana maradhi ambayo kinga ya mwili yenyewe huishambulia tezi mpaka ikalegea. Wanameza kidonge cha tezi kila siku, na sasa wanaambiwa waongeze kingine cha lehemu. Swali lao ni la haki: je, naweza kuishusha lehemu bila dawa nyingine? Wengi wao wanaweza, au wanaweza kuishusha kwa sehemu kubwa, ila kazi hiyo ina mpangilio. Tezi huanza, chakula na mwendo hufuata, na dawa ya lehemu huja mwisho kama bado inahitajika. Ukiuvuruga mpangilio huo utajinyima sana na kuambulia kidogo.

Tezi inahusikaje na lehemu

Lehemu, au kolesteroli, ni mafuta ambayo mwili unayahitaji kujengea seli, homoni na nyongo. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini lenyewe. Balaa ni ile aina inayoandikwa LDL kwenye karatasi ya maabara, ambayo ikizidi kwenye damu hujipenyeza katika kuta za mishipa na baada ya miaka mingi huleta mshtuko wa moyo au kiharusi.

Kazi ya kuiondoa LDL kwenye damu ni ya ini. Michael Brown na Joseph Goldstein, watafiti wa Marekani waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1985, walionyesha kwamba juu ya seli kuna vipokezi vinavyoidaka LDL na kuiingiza ndani. Lifikirie ini kama bandari, na vipokezi hivyo kama winchi za kushushia makontena. Homoni ya tezi ya shingo husaidia kuamua winchi ngapi zifanye kazi. Homoni ikipungua, winchi nyingi husimama na mzigo hubaki majini. Homoni hiyohiyo pia hulisaidia ini kuigeuza lehemu kuwa nyongo, kwa hiyo njia ya pili ya kuitoa nayo huziba.

La kushangaza ni kwamba ini la mtu mwenye upungufu wa homoni hutengeneza lehemu kidogo kuliko la mtu mzima wa afya. Hata hivyo uondoaji hushuka zaidi ya utengenezaji, na LDL hulundikana. Ndiyo maana kupunguza mayai peke yake hakufui dafu.

Uhusiano huu si habari mpya. Miaka ya 1930, kabla ya vipimo vya homoni kuwapo, madaktari walikuwa wakiitumia lehemu iliyopanda kama dalili mojawapo ya tezi iliyolegea. Kwa mwenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi mambo hugeuka: lehemu yake huwa chini isivyo kawaida, kisha hupanda anapotibiwa. Wagonjwa wengi huilaumu dawa. Kinachotokea ni kwamba tezi imetulia na lehemu imerudi kwenye kiwango chake halisi.

Hatua ya kwanza ni TSH

Kipimo muhimu ni TSH, homoni inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo na kuiamuru tezi ya shingo ifanye kazi. Tezi ya shingo ikilegea, amri huongezwa, TSH ikapanda. Maabara nyingi huhesabu takriban 0.4 hadi 4 kuwa kawaida. Kama TSH imepanda na homoni yenyewe imeshuka, kidonge cha levothairoksini hurudisha kinachokosekana, na LDL hushuka pamoja na uchovu, baridi isiyoisha, ngozi kavu na choo kigumu. Kwa baadhi ya watu LDL hurudi kawaida bila kitu kingine.

Kwa hiyo anayesema "nataka kushusha lehemu bila dawa" asikihesabu kidonge cha tezi miongoni mwa dawa za kukimbiwa. Kinarudisha homoni ambayo mwili wenyewe ulipaswa kuitoa. Kukiacha ili "kupumzisha mwili" ni kuzisimamisha winchi zote.

Subira inahitajika. Levothairoksini huchukua wiki sita hadi nane kutulia mwilini, na lehemu hufuata nyuma yake. Kupima baada ya wiki mbili ni kutupa pesa.

Kuna wenye tezi iliyolegea kidogo tu: TSH iko kati ya 4 na 10, na homoni bado ni ya kawaida. Kwao kidonge huishusha lehemu kidogo mno. Jopo la wataalamu lililotoa mwongozo katika jarida la BMJ mwaka 2019 lilishauri kwamba watu wazima wengi wa kundi hili wasipewe homoni. Wajawazito na wanaotafuta ujauzito hawamo katika ushauri huo, wao wamwone daktari mapema. Kwa waliobaki, chakula na mwendo ndiyo silaha kuu.

Usiongeze dozi ya tezi kwa lengo la kushusha lehemu. Katika utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza miaka ya 1960, watu waliokwisha kupata mshtuko wa moyo walipewa dawa ya jamii ya homoni ya tezi ili lehemu yao ishuke. Ilishuka kweli, lakini vifo vikaongezeka, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa kabla ya muda wake. Homoni ikizidi huufanya moyo uende mbio na kuidhoofisha mifupa.

Kidonge na kifungua kinywa

Wapo wanaomeza kidonge kila siku na TSH haishuki. Mara nyingi tatizo ni saa ya kumeza. Levothairoksini inataka tumbo tupu na maji matupu, kisha nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Chai ya maziwa, kahawa na soya huizuia isifyonzwe vizuri. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa nne.

Hapa ndipo lishe ya lehemu na dawa ya tezi hugongana. Vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, uji wa oti, na hasa isabgoli inayouzwa kwenye maduka ya viungo, husaidia kushusha LDL, lakini vikikutana na kidonge tumboni hukinasa. Usiviache. Vipe nafasi ya saa kadhaa, na ule kiasi kinacholingana siku hadi siku, kwa sababu dozi hupangwa kwa kufuata mazoea yako. Anayeshindwa asubuhi anaweza kukubaliana na daktari ameze usiku, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Wakati wa Ramadhani mpango huo huwafaa wafungaji wengi, ila upangwe kabla mwezi haujaandama.

Sahani ya mbaazi za nazi

Tazama kifungua kinywa cha pwani: mbaazi za nazi na mahamri. Mbaazi zina nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ambazo hunasa nyongo tumboni na kulilazimisha ini lichote lehemu kwenye damu ili litengeneze nyongo mpya. Juu ya mbaazi hizo humiminwa tui zito la kwanza, kasimele, na zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina inayoipandisha LDL. Mahamri nayo yamezama kwenye mafuta. Mkono mmoja unashusha, mwingine unapandisha.

Chakula hicho hakihitaji kufukuzwa nyumbani. Pika mbaazi kwa tui jepesi la pili, weka kasimele kijiko kimoja au viwili mwishoni kwa harufu na ladha, na badala ya mahamri kula mkate wa unga usiokobolewa. Kanuni hiyo inafaa pia kwa samaki wa kupaka, wali wa nazi na mchicha wa nazi. Bara, samli na mafuta ya kuganda yapishe mafuta ya alizeti, na mawese yapungue, kwani karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina hiyohiyo ya nazi. Supu ya utumbo, mafuta ya nundu na ngozi ya kuku viwe vya siku mojamoja.

Kisha ongeza vinavyoshusha: maharage, kunde, choroko, dengu, bamia, bilinganya, parachichi, karanga na korosho zisizotiwa chumvi, dagaa na vibua badala ya nyama nyekundu. David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, walikusanya vyakula vya namna hiyo katika mlo mmoja: oti, shayiri, bamia, bilinganya, soya, lozi na siagi ya mimea. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003 yalionyesha kwamba katika wiki nne LDL ilishuka kwa karibu asilimia 29, wakati katika kundi lililopewa statini, dawa ya kushusha lehemu, ilishuka kwa asilimia 31. Lakini hao walipewa chakula kilichopimwa. Katika utafiti wa mwaka 2011, watu walijipikia wenyewe nyumbani kwa miezi sita, na LDL ikashuka kwa takriban asilimia 13. Hiyo ndiyo namba ya kuitegemea, na ina maana kubwa kwa mishipa ya damu.

Kahawa nayo ina neno lake. Mwaka 1983 watafiti wa Tromsø, Norway, waliona kwamba wanywaji wakubwa wa kahawa walikuwa na lehemu nyingi. Baadaye ikabainika kuwa mafuta yaliyomo kwenye kahawa ya kuchemsha hubaki kikombeni isipochujwa kwa karatasi. Kahawa ya dele ni ya namna hiyo. Kikombe kimoja kidogo barazani hakina neno, bali mazoea ya kunywa vingi kutwa ndiyo ya kupunguza, na kisiwe cha kushushia kidonge cha tezi.

Muhogo, kabichi na mwani

Mwenye tezi husikia makatazo mengi. Kabichi na sukuma wiki zilizopikwa, kwa kiasi cha kawaida cha mlo, hazina tatizo kwa anayepata madini joto, yaani iodini, ya kutosha, na nyuzinyuzi zake unazihitaji. Habari ya muhogo ina msingi wa kweli: katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu nchini Kongo, watafiti walionyesha jinsi sianidi ya muhogo inavyogeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi kunasa madini joto, na goita ikaenea. Idjwi wakati huo ilikuwa na upungufu mkubwa wa madini joto. Muhogo ulioandaliwa vizuri na chumvi yenye madini joto huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Chumvi yenyewe isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa vyakula vyote.

Usikimbilie unga wa mwani wala matone ya iodini ili "kuamsha tezi". Madini joto yakizidi, tezi iliyoshambuliwa na kinga ya mwili inaweza kulegea zaidi. Jihadhari pia na vidonge vya "asili" vya kusafisha mishipa: mchele mwekundu uliochachushwa, kwa mfano, una kemikali ileile iliyomo katika mojawapo ya dawa za statini. Na kama unameza vitamini ya nywele na kucha yenye biotini, mwambie mtu wa maabara, maana huvuruga majibu ya tezi. Kwa kawaida huachwa siku mbili kabla ya kipimo.

Mwendo, halafu uamuzi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka huishusha LDL kidogo, lakini hupunguza mafuta mengine ya damu, shinikizo na uzito. Mwenye tezi iliyolegea aanze polepole, kwa sababu misuli yake huuma na kuchoka upesi mpaka homoni itengemae.

Wapo wasiopaswa kungoja chakula kifanye kazi peke yake: aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi, wagonjwa wengi wa kisukari waliovuka miaka 40, na mwenye LDL ya 4.9 au zaidi, yaani 190 kwa kipimo cha zamani, ambayo huweza kuwa ya kurithi. Hao wazungumze na daktari kuhusu statini mapema. Hata kwao, TSH ipimwe kwanza, kwa kuwa statini kwa mtu ambaye tezi yake imelegea na haijatibiwa huongeza hatari ya kuumwa na kuharibika misuli.

Waliobaki wana muda wa kujaribu. TSH ikishatulia, fuata mlo na mwendo huo kwa miezi mitatu, kisha pima lehemu tena katika maabara ileile. Ikishuka vya kutosha, endelea hivyo hivyo na upime kila mwaka. Ikibaki juu, kubali dawa bila kujiona umeshindwa. Dozi ndogo inaweza kutosha kwa sababu chakula kimekwisha kufanya sehemu yake, na misuli yako iko salama zaidi kwa sababu tezi ilitibiwa kwanza.