Intaneti: Laini tatu za Bob Taylor na ujumbe wa Nairobi uliopitia Marekani

Mfanyabiashara wa Busia, Namanga au Tunduma anayetembea na laini tatu za simu mfukoni, moja kwa kila upande wa mpaka na nyingine ya akiba, hatapata shida kumwelewa Bob Taylor. Mwaka 1966 Taylor alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta katika ARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ofisini kwake Pentagon kulikuwa na mashine tatu za kuchapia. Moja iliunganishwa na kompyuta ya Santa Monica, ya pili na ya chuo kikuu cha Berkeley, ya tatu na ya MIT huko Massachusetts. Kila moja ilikuwa na amri zake. Akiwa anawasiliana na Santa Monica na akataka kumuuliza mtu wa Berkeley jambo hilo hilo, ilibidi ainuke, ahamie mashine nyingine na kuanza upya.

Taylor aliona huo ni usumbufu usio na sababu. Alikwenda kwa bosi wake, Charles Herzfeld, akamweleza kwamba kompyuta hizo zingeweza kuunganishwa ili mtu akae mbele ya mashine moja tu na kufika popote. Alitoka na ahadi ya dola milioni moja. Kwa mujibu wa masimulizi ya Taylor mwenyewe, mazungumzo hayo yalichukua kama dakika 20.

Wengi wamesikia kwamba intaneti ilibuniwa ili ihimili bomu la nyuklia. Hadithi hiyo ina chembe ya ukweli lakini imewekwa mahali pasipo pake. ARPA ilianzishwa mwaka 1958 kwa hofu za kivita, baada ya Warusi kurusha Sputnik Oktoba 4, 1957. Lakini mtandao wa Taylor, ulioitwa ARPANET, ulitokana na hesabu ya matumizi. Kompyuta ziligharimu fedha nyingi sana, na kila chuo kilichofadhiliwa na wakala huo kilidai kununuliwa ya kwake. Kuzitumia kwa pamoja kulikuwa nafuu.

Aliyewaza kuhusu bomu ni mtu mwingine, Paul Baran, mhandisi wa taasisi ya RAND ya California.

Magunia 40, njia mbili

Simu za zama hizo zilifanya kazi kwa namna ambayo msafirishaji yeyote angeiona ni ubadhirifu. Mtu akipiga simu, waya mzima kutoka kwake hadi kwa mwenzake ulishikwa kwa ajili yao wawili, wawe wanazungumza au wamenyamaza. Ni sawa na kuifunga barabara ya Mombasa hadi Malaba kwa ajili ya lori moja, na kutoifungua hadi lifike. Na waya ukikatwa katikati, mazungumzo yamekwisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Baran alipendekeza ujumbe ukatwe vipande vidogo, kila kipande kiandikwe anakokwenda, kisha kiachwe kitafute njia chenyewe kupitia vituo vingi. Kituo kimoja kikilipuliwa, vipande vinazunguka. Kampuni kubwa ya simu ya Marekani, AT&T, iliambiwa wazo hilo na kulikataa. Wataalamu wake walijua simu kuliko mtu yeyote duniani, na pengine ndiyo sababu hawakuona haja ya kitu kingine.

Mwaka 1965, huko Teddington karibu na London, Donald Davies alifikia wazo lile lile bila kujua kazi ya Baran. Yeye hakuwa akiwaza vita. Alikuwa akiwaza foleni ya watumiaji wanaosubiri zamu kwenye kompyuta moja. Davies ndiye aliyevipa vipande hivyo jina linalotumika hadi leo, pakiti, baada ya kutafuta neno ambalo lingetafsirika kwa urahisi katika lugha nyingine. Kiswahili hakikumwangusha. Watanzania wanaponunua bando la intaneti husema wamenunua kifurushi, na bila kukusudia wamerudi kwenye neno la Davies.

Kwa mfanyabiashara mfano ni rahisi. Magunia 40 ya vitunguu yanatoka Singida kwenda Nairobi. Badala ya kusubiri lori moja la kuyabeba yote, mwenye mzigo anayagawa kwenye magari yaliyopo. Mengine yanapita Namanga, mengine Holili. Kila gunia lina jina la mpokeaji na namba yake. Wakongomani wa sokoni wangesema mzigo umetawanywa, lakini Nairobi mpokeaji anayapanga kuanzia la 1 hadi la 40. Akikuta la 17 halipo, anapiga simu. Tofauti ni kwamba gunia la vitunguu likipotea ni hasara, ilhali pakiti ikipotea aliyeituma hutuma nakala nyingine na biashara inaendelea.

Vituo vya kupokea na kupeleka pakiti vilijengwa na kampuni ya BBN ya Massachusetts. Kila kituo kilikuwa kompyuta yenye ukubwa wa friji na uzito wa takriban kilo 400. Usiku wa Oktoba 29, 1969, mwanafunzi wa UCLA mjini Los Angeles, Charley Kline, alijaribu kuingia kwenye kompyuta ya taasisi ya SRI, mamia ya kilomita kaskazini, kwa kuandika neno LOGIN. Upande wa pili alikuwapo Bill Duvall, wakithibitishiana kwa simu ya kawaida. L ilifika. O ilifika. Alipoandika G mfumo ukaanguka. Kama saa moja baadaye walifaulu, lakini kinachokumbukwa ni herufi zile mbili za kwanza. Kufikia mwisho wa mwaka huo mtandao mzima ulikuwa na vituo vinne.

Kontena lisilofunguliwa njiani

Kufikia mwaka 1973 ARPANET ilikuwa imevuka bahari hadi Norway na London, na likazuka tatizo ambalo watu wa mipakani wanalijua. Kulikuwa na mtandao wa waya, mtandao wa redio na mtandao wa setilaiti, na kila mmoja ulikuwa na kanuni zake. Vinton Cerf na Robert Kahn, waliochapisha suluhisho lao mwaka 1974, hawakujaribu kuzilazimisha pande zote zifanane. Waliacha kila mtandao ujiendeshe utakavyo ndani ya mipaka yake, wakaweka malango kati yake, na kanuni moja ya pamoja kwa kila kinachovuka lango. Pakiti ikawa kama kontena: meli, treni na lori havifanani, lakini vyote hulibeba bila kulifungua.

Novemba 22, 1977 wazo hilo lilipimwa kwa ujumbe uliotoka kwenye gari lililokuwa likitembea California, ukapita kwenye redio, waya na setilaiti, ukafika Ulaya na kurudi Marekani bila kupungukiwa. Januari 1, 1983 ARPANET nzima ilihamia kanuni hiyo, TCP/IP, na tarehe hiyo wengi huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa intaneti. Muda mrefu umepita tangu hapo, na nchi za Afrika Mashariki zenye ushirikiano wa forodha bado zinabishana kuhusu kipi kifunguliwe langoni na kipi kipite.

Jirani aliyekuwa mbali

Intaneti ilifika Afrika Mashariki kwa hatua ndogo. Majina ya nchi kwenye anwani yanaonyesha mfuatano: .ke ya Kenya ilisajiliwa mwaka 1993, .tz ya Tanzania na .ug ya Uganda mwaka 1995, .rw ya Rwanda na .bi ya Burundi mwaka 1996. Zaire ilikuwa na .zr, nchi ilipobadili jina mwaka 1997 ikapata.cd, na ile ya zamani baadaye ikafutwa kabisa. Mwaka 1994 Wakenya watatu waliosoma Marekani walianzisha Africa Online, na katikati ya miaka hiyo mtu mwenye laini ya simu ya mezani na uvumilivu mwingi aliweza kutuma barua pepe kutoka Nairobi.

Lakini barua hiyo ilisafiri safari ya ajabu. Pwani yote ya Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa intaneti baharini. Jambo la kushangaza ni kwamba waya wa telegrafu ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, ukaendelea hadi Msumbiji na Durban. Karne moja na ushei baadaye, mawasiliano ya kompyuta ya eneo hilo hilo yalitegemea setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu. Kampuni za intaneti za Nairobi hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kila moja ilikodi njia yake ya setilaiti kwenda ng'ambo. Mteja wa kampuni moja akimwandikia mteja wa kampuni nyingine kwenye jengo la pili, ujumbe ulipanda angani, ukashuka Marekani au Ulaya, ukabadilishana mikono huko, ukapanda tena na kushuka Nairobi. Kilomita zaidi ya 140,000 ili kuvuka barabara. Nairobi na Arusha, au Kampala na Kigali, hali ilikuwa ile ile. Na kila hatua ya safari hiyo ililipiwa kwa dola.

Dawa yake haikuwa ghali: chumba kimoja chenye kifaa cha kubadilishana pakiti, kila kampuni ilete waya wake hapo. Novemba 2000 kampuni za Kenya zilifungua kituo cha namna hiyo, KIXP, jijini Nairobi. Kilidumu takriban wiki mbili. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba haki hiyo imekiukwa, na mamlaka ya mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Wenye kampuni walijibu kwamba hakuna cha kimataifa katika ujumbe unaotoka Nairobi kwenda Nairobi. Hoja hiyo, iliyo wazi kwa mtu yeyote aliyewahi kutumwa ng'ambo ya mpaka kutafuta muhuri wa bidhaa isiyovuka mpaka, ilichukua zaidi ya mwaka kukubaliwa. KIXP ilifunguliwa tena Februari 2002, kwa leseni. Uganda ilikuwa na kituo chake tangu 2001, na Tanzania na Rwanda zilifuata mwaka 2004.

Ndipo ikaja mikongo. TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009. SEACOM ilianza kazi Julai mwaka huo huo, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Ikumbukwe kwamba M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007, kabla ya mkongo wowote, kwa sababu ilitumia ujumbe wa simu za kawaida na si intaneti. Kilichobadilishwa na mikongo ni kazi za ofisini: nyaraka za forodha, malipo ya ushuru kabla mzigo haujaondoka bandarini, picha za bidhaa kwa mnunuzi aliye Goma au Juba.

Utegemezi huo ulionekana Jumapili ya Mei 12, 2024. EASSy na SEACOM zilikatika baharini kusini, siku moja. Upande wa kaskazini, mikongo kadhaa ya Bahari ya Shamu, ikiwemo njia ya SEACOM, ilikuwa imekatika tangu Februari. Tanzania, iliyoegemea sana mikongo hiyo miwili, iliathirika vibaya. Kenya nayo ilipungukiwa kasi, lakini ilikuwa na TEAMS iendayo Ghuba, na sehemu ya mawasiliano ikahamishiwa huko. Uganda, Rwanda na Burundi, zisizo na bahari, zilitegemea kile ambacho majirani waliweza kuwapitishia. Ukarabati haukuwa wa siku moja: meli maalumu hutafutwa, husafiri hadi penye kasoro, huinua ncha mbili kutoka sakafu ya bahari na kuziunganisha nyuzi moja moja.

Wazo la Baran lilifanya kazi siku hiyo pale tu palipokuwa na njia ya pili. Pakiti zina akili ya kuzunguka. Haziwezi kupita pasipo na waya. Kwa hiyo swali ambalo wenye mizigo wanaweza kuuliza kampuni zao za simu na serikali zao si kasi ya megabiti pekee. Ni idadi ya mikongo, iwapo miwili inapita sakafu moja ya bahari, na iwapo nyaya za nchi kavu zinazovuka Namanga, Mutukula na Rusumo zina nafasi ya kutosha kubeba mzigo wa jirani siku yake ikikatika.