Mtoto Aandike, Naye Apate wa Kumsoma

Sensa ya Watu na Makazi ya mwezi Agosti 2022 ilitupatia hesabu ya watu wetu, tena ilituachia jambo la pili ambalo halizungumzwi sana. Vile vishikwambi ambavyo makarani walizunguka navyo nyumba kwa nyumba havikurudishwa ghalani viliwe na vumbi. Kabla mwaka haujaisha Serikali ilianza kuvikabidhi kwa walimu, pamoja na vingine vilivyoongezwa, zaidi ya laki mbili kwa jumla. Hatukumbuki wakati mwingine ambapo walimu wengi namna hiyo walipewa chombo kimoja cha kazi kwa mara moja.

Basi swali letu si la kitaalamu. Ni swali ambalo mzazi yeyote, awe mpakuzi wa mizigo bandarini au mpasua mbao wa Mufindi, ana haki ya kuliuliza: mtoto wangu amesoma nini kwa chombo hicho, na ameandika nini? Kujaza mahudhurio ni kazi, na kupokea nyaraka za wilaya ni kazi, wala hatuzibezi kazi hizo. Lakini chombo kinachoishia hapo kimekuwa karani tu. Mwalimu hakupewa karani. Alipewa mlango wa maktaba, na mlango huo mara nyingi umefungwa.

Kwamba mtambo waweza kumsaidia mtoto kusoma si hadithi ya kubuni. Jambo hilo lilijaribiwa papa hapa kwetu, mkoani Tanga. Mwishoni mwa mwaka 2017 yalianza majaribio ya shindano la dunia liitwalo Global Learning XPRIZE, lililokuwa na zawadi ya dola milioni 15 za Marekani. Serikali yetu ilishirikiana na UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 wakapewa vishikwambi vilivyotiwa masomo ya Kiswahili. Vijijini ziliwekwa mashine za kuchajia kwa nguvu ya jua. Watoto hao hawakuwa wateule wa mjini. Asilimia 74 kati yao ilielezwa kwamba hawakuwa wamewahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwa wakisomewa chochote nyumbani. Na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 washindi walitangazwa, nao walikuwa wawili: onebillion wa Uingereza na Kitkit School iliyotengenezwa na watu wa Korea ya Kusini na Marekani. Kila mmoja alipata dola milioni tano, na programu zao zikaachwa wazi ili yeyote azitumie bila malipo.

Wengi walioandika habari hiyo walishangilia ile nusu iliyojifunza kusoma, nasi twashangilia pamoja nao. Hata hivyo twamwomba msomaji aitazame pia nusu ya pili. Mtoto aliyekaa na kishikwambi kwa miezi 15 na bado hasomi neno, amekosa nini? Hakukosa sauti, maana chombo kilimtamkia. Hakukosa herufi, maana alizigusa kwa kidole. Na lugha yetu yenyewe ni rafiki wa anayeanza: irabu ni tano, silabi zatamkwa kama zilivyoandikwa, na akijua ba, be, bi, bo, bu amekwisha kupata ufunguo wa maneno mengi. Sisi twaamini kwamba mtoto huyo alihitaji mtu. Alihitaji wa kumwuliza "umesoma nini leo?", na zaidi ya hapo alihitaji wa kumwandikia.

Hili la wa kumwandikia ndilo tunalotaka kulikazia, kwa sababu nchi hii ililijua zamani kabla ya umeme kufika vijijini. Mwaka 1967 watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, TANU ikaingia kazini, na madarasa yakafunguliwa chini ya miembe, viwandani na katika nyumba za mabalozi. Kufikia mwaka 1986 waliojua kusoma walihesabiwa kuwa karibu asilimia 90. Lakini waliosimamia kazi ile waligundua mapema kwamba mtu aliyehitimu kisomo, akikosa cha kusoma na sababu ya kuandika, husahau. Ndiyo maana mwaka 1974 huko Mwanza lilianzishwa gazeti la vijijini liitwalo Elimu Haina Mwisho. Mkulima aliyekuwa ametoka kujifunza herufi jana alipata gazeti lake, na gazeti likapata mwandishi wake.

Nalo halikuwa jambo jipya. Mwaka 1888 huko Kiungani, Unguja, wanafunzi wa shule ya wamisheni waliandika habari katika jarida lao lililoitwa Msimulizi. Kuanzia mwaka 1923 Mambo Leo lilitolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika, na ingawa lilikuwa gazeti la wakoloni, watu wetu waliligeuza kuwa uwanja wao kwa barua na mashairi. Shaaban Robert, mwana wa Tanga ileile tuliyoitaja, alichapishiwa mashairi humo. Hakuwa na jina wakati ule. Alikuwa karani wa serikali mwenye kalamu. Alichokipata ni ukurasa uliokuwa tayari kumpokea na wasomaji waliokuwa tayari kumjibu.

Turudi sasa kwenye kishikwambi. Ukurasa wa namna ile leo upo, tena hauna gharama ya karatasi wala stempu. Tangu mwaka 2014 shirika la Saide la Afrika ya Kusini limeendesha African Storybook, ghala la hadithi fupi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kimo. Kila ukurasa una picha na sentensi moja au chache. Hadithi zimepangwa kwa ugumu, tangu za anayeanza kutambua maneno hata za yule asomaye aya nzima. Mwalimu anaweza kupakua, kuchapa, kufasiri, hata kutunga yake na kuiweka pale ili mtoto wa Uganda au wa Kenya aisome. Hudaiwi ada, na hakimiliki yake inaruhusu hayo yote. India nao wana StoryWeaver ya Pratham Books, iliyoanza mwaka 2015 kwa utaratibu unaofanana na huo. Na hapa nyumbani Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandao. Vitabu hivyo ni vya lazima. Lakini tuseme kweli: hakuna mtoto aliyewahi kupenda kusoma kwa sababu ya kitabu cha kiada peke yake.

Mwalimu mmoja atatuambia, "Ndugu wahariri, nina kishikwambi kimoja na watoto themanini." Ni kweli, nasi hatutaki kumtwika mzigo wa ndoto. Lakini kishikwambi kimoja kinatosha ikiwa hakipitishwi mkono kwa mkono kama kikombe cha maji. Mwalimu asome hadithi kwa sauti, asimame kabla ya mwisho, afunge chombo. Kila mtoto aandike mwisho wake katika daftari. Kesho yake zisomwe tano au sita mbele ya darasa, watoto wenyewe waseme ipi imewachekesha na ipi imewatia huruma, na ile waliyoichagua mwandishi wake akae na kishikwambi aichape kwa vidole vyake, mwenzake akimsomea kutoka daftarini. Kwa muhula mmoja darasa litakuwa na kitabu. Watoto themanini wataandika, ishirini watachapa, na wote watasoma kilichochapwa, maana hakuna mtoto asiyetaka kujua fulani wa dawati la nyuma ameandika nini.

Tena kuna barua. Wasomaji wetu wa makamo wanayakumbuka magazeti yaliyokuwa na nafasi ya marafiki wa kalamu. Vijana waliandikiana toka Mombasa hata Songea, wakangoja wiki tatu wakipita posta kila siku. Walimu wawili wenye simu waweza kufanya hilo kwa jioni moja. Darasa la tano la Pangani liwaandikie darasa la tano la Kigoma: kwetu samaki huvuliwa hivi, nyinyi dagaa mwawakaushaje? Mtoto anayeandika insha ya "Umuhimu wa Miti" anamwandikia mwalimu ambaye anajua jibu tayari. Mtoto anayemweleza mwenzake wa Kigoma jinsi ngalawa inavyotiwa matanga anamwandikia mtu asiyejua, na hapo ndipo anapotafuta neno sahihi kwa hiari yake, anafuta, anauliza nyumbani, anarudia.

Kuhusu gharama, kuna hofu iliyozidi kipimo. Hadithi ya maneno 1,000, ikiwa maandishi matupu bila picha, haifiki kilobaiti 10. Katika megabaiti moja ya kifurushi zaweza kuingia hadithi mia na zaidi. Kinachokula vifurushi vya watu ni video, wala si kusoma. Mfanyakazi anayetazama mabao ya ligi kwa dakika chache usiku ametumia kiasi ambacho kingelisomesha darasa zima muhula mzima. Hatumkatazi mabao, twamwonyesha hesabu.

Wakubwa wa sekondari wana uwanja mwingine. Huko wengi wao hufundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili hubaki somo moja katika ratiba, hivyo kijana aliyesoma vizuri darasa la saba huweza kumaliza kidato cha nne bila kuandika ukurasa mmoja wa maarifa kwa lugha yake. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inangoja mikono yao. Makala nyingi zilizomo ni fupi mno. Mji una wakazi maelfu na makala yake ina mistari mitatu. Kijana akiandika historia ya kata yake humo, atadaiwa vyanzo, atasahihishwa na watu asiowajua, na kila badiliko litabaki katika historia ya ukurasa likiwa na tarehe. Ni shule kali, na ni nzuri. Hapa nchini kuna wachangiaji waliojikusanya kwa jina la Jenga Wikipedia ya Kiswahili, na mwalimu anayetaka kuanza hatakosa wa kumwelekeza.

Yapo mawili yanayotutia wasiwasi, nayo tutayasema wazi. La kwanza ni zile programu za akili mnemba, kama ChatGPT iliyotolewa Novemba 2022, ambazo huandika insha nzima kwa sekunde chache. Mwanafunzi anayeichukua na kuiwasilisha ni kama mtu anayemtuma mwenzake akamlie chakula, kisha anashangaa kwa nini njaa haimwishi. Dawa tunayoiona sisi si askari mlangoni. Ni kuandika kwanza kwa kalamu, darasani, juu ya mambo ambayo mtambo hauyajui: bibi yako alivyopika futari mwaka ule wa mvua kubwa, au ugomvi wa mpira wa Jumamosi. Baada ya hapo, kama kijana mkubwa anataka kuuliza mtambo kuhusu ngeli au tahajia, na aulize, mwalimu akiwapo.

La pili ni usalama wa watoto. Shule nyingi hukataza mwanafunzi kuwa na simu, nasi hatutaki amri hiyo ivunjwe. Ndiyo sababu tumezungumza juu ya chombo cha mwalimu na si cha mtoto. Jina kamili la mtoto, picha yake na mahali anapoishi visiwekwe mtandaoni. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na walimu na wazazi wanapaswa kuijua. Hadithi yaweza kutoka kwa jina la kwanza na darasa, nayo haitapungua utamu.

Kwa wanachama, lililo mbele yetu si la kungojea waraka kutoka juu. Ofisi nyingi za Chama za kata na matawi zina umeme, meza na viti vinavyokaa bure mchana kutwa hadi siku ya kikao. Tawi lililo karibu na shule laweza kumpa mwalimu mahali pa kuchajia na kupakua, na kuchangia kifurushi cha mwezi. Vyama vya wafanyakazi vyenye mashine ya kuchapia ofisini vyaweza kuchapa nakala kumi za kitabu cha darasa, zikabanwa pini, zikawekwa katika maktaba ya shule au katika sanduku la mwalimu pale ambapo maktaba haipo. Balozi anayejua kusoma amwite mtoto wa jirani amsomee alichoandika. Hilo halihitaji senti.

Sisi nasi tutatoa nafasi. Tawi au shule itakayotuletea kazi za watoto, zilizoandikwa na watoto wenyewe na kusahihishwa na mwalimu kwa wino mwekundu tu pasipo kuandikwa upya na mkubwa, tutachagua na kuzichapa katika ukurasa huu. Ziwe fupi, kila moja isizidi maneno 300. Makosa madogo ya tahajia tutayarekebisha hapa chumbani kwetu. Mengine yote tutayaacha kama mtoto alivyoyasema.