Bampa Halikuwa Kwenye Bajeti

Karatasi ya mradi ilikuwa na mistari saba, yote kwa mwandiko wa mdogo wangu: intakula, mabomba ya alumini, mipira ya silikoni, klempu, ufundi wa siku mbili, chai ya mafundi, dharura. Bampa halikutajwa popote. Jumamosi ya pili, saa nane mchana, bampa la Impreza yake lilikuwa limelazwa juu ya matairi mawili makuukuu kwenye gereji moja ya Nairobi, na fundi amepiga magoti mbele yake, grainda mkononi.

Sababu ya kuanza kazi ile ilikuwa nzuri, sitaki kumwonea. Subaru hizi zenye tabo huwekewa intakula, yaani kile kipozeo cha hewa, juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Faida yake ni kwamba hewa husafiri njia fupi. Ubaya wake ni kwamba kipozeo kimeketishwa juu ya jiko. Ukikwama kwenye foleni ya Waiyaki Way hakuna upepo unaoingia tunduni, na moto wa injini unapanda moja kwa moja hadi kwenye kitu kilichowekwa pale kipoze. Tabo nayo ina joto lake: hewa ya nyuzi 25 ikibanwa hadi shinikizo maradufu hufika karibu nyuzi 90, tena kwa tabo isiyopoteza chochote, ambayo bado haijaundwa. Halafu kuna Nairobi yenyewe, mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu ya la Mombasa kwa takriban moja ya tano. Tabo inayotaka kufikia shinikizo lile lile huku juu inajituma zaidi, na hewa inatoka imechemka zaidi. Basi kuihamisha intakula hadi usoni mwa gari, ipate upepo kabla ya kitu kingine chochote, ni hoja yenye kichwa na miguu.

Tatizo lilikuwa kwenye kipimo. Ile tuliyonunua ilitangazwa kuwa 600 kwa 300 kwa 76, milimita. Mdogo wangu aliingia chini ya gari na futi kamba, akapima, akatoka akitabasamu. Kumbe hiyo 600 ni ya kiini chenye mapezi tu. Vichwa viwili vya pembeni, vinavyopokea hewa na kuitoa, muuzaji havihesabu. Pamoja navyo kitu kizima kilikaribia milimita 800, na bado bomba halijapata pa kujikunja. Honi mbili, taa za ukungu, kidumu cha maji ya waipa: kila kimoja kilikuwa na makao yake mle ndani, na hakuna aliyekibishia hodi. Nimezoea kusoma taarifa za miradi mikubwa kuliko huu, na huko nako mchoro huonyesha barabara tu. Bomba la maji la mtaa hujitambulisha lenyewe, siku sururu inapoligonga.

Fundi wa bodi alikuwa na dawa ya haraka. "Bosi, hiki chuma tukikitoa, inaingia sasa hivi."

Chuma alichokigusa ni boriti iliyo nyuma ya bampa. Tunachokiita bampa ni ganda la plastiki la kupendezesha uso. Gari likigonga, boriti ndiyo inayopokea kishindo na kukigawa kwenye miguu miwili ya fremu. Mdogo wangu alinyamaza kwa namna ambayo sikuipenda. Picha zote alizokuwa nazo simuni zilionyesha intakula iking'aa mdomoni mwa gari, na hakuna hata moja iliyoonyesha boriti imekwenda wapi. Mimi nilikataa, na kwa kuwa theluthi ya pesa ilikuwa yangu, nikasikilizwa. Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa gereji, mchomeleaji, ambaye hakuwa ameulizwa. "Chuma kiacheni. Shusheni intakula." Akachomelea vishikizo viwili, ikaning'inia chini ya boriti. Kwa hiyo kilichobaki kukatwa ni mdomo wa chini wa bampa.

Kazi hii nilidhani ni ya dakika ishirini. Kwanza walikata katoni kwa umbo la intakula, wakalichora umbo hilo kwenye plastiki iliyobandikwa tepu ya karatasi. Grainda ikajaribiwa ikashindwa: diski inazunguka kasi mno, plastiki inayeyuka na kuziba nyuma ya mkato badala ya kukatika. Fundi akaiweka chini, akafunga kitambaa kwenye kipande cha msumeno wa chuma na kukata kwa mkono, ndani ya mstari, kidogo kidogo. Vaa, tazama, vua, kata. Nilihesabu bampa likivaliwa mara kumi na moja. Mara ya nane mkono ulipita mstari upande wa kushoto, na kati ya mdomo na tundu la taa pakabaki ukanda wa vidole viwili, unaotetemeka ukiguswa. Kipande kilichokatwa ndicho kilichourudishia uhai: kilibandikwa nyuma yake kwa chuma cha moto, na wavu wa waya ukazamishwa katikati. Hakionekani, lakini ndicho kipande cha kazi nilichokipenda kuliko vyote.

Siku mbili za ufundi zilikula Jumamosi nne. Gari sasa linavuta, asema mwenyewe. Tulipopanda kutoka Mai Mahiu na kipozahewa cha ndani kimewashwa, mshale wa joto ulisogea kuliko zamani, kwa sababu intakula imesimama mbele ya kondensa na rejeta na kuzikinga upepo. Fundi ameziba mianya ya pembeni kwa sponji ili hewa isikwepe, ikasaidia kiasi. Namba ya mbele ilikosa kifua cha kukaa, ikahamia pembeni kwa boliti mbili.

Na kuna tuta la getini kwetu. Kila jioni mdogo wangu hulipanda mshazari, gurudumu moja moja, kichwa kikiwa nje ya dirisha kusikiliza alumini. Mlinzi huacha chai yake kuja kutazama.