BATA AKIUGUA, APELEKWE KWA DAKTARI



Huku kwetu Kangemi, Kawangware na Dagoretti, boma nyingi zina bata wawili watatu. Wengine ni mradi wa kikundi. Wengine ni wa watoto, wamepewa majina na hawachinjwi. Lakini mmoja akiugua utasikia, "Ah, bata ni bata tu, nani atamlipia daktari?" Hebu tufikirie.

Bata huficha ugonjwa. Mkimwona amejitenga na hali chakula, huenda ameugua siku kadhaa. Tena dalili hudanganya. Aliyelegea miguu pengine ameumia, au ni kifaranga anayekosa vitamini ya niasini, maana bata huihitaji zaidi ya kuku na chakula cha vifaranga wa kuku huenda kisimtoshe. Aliyelegea shingo pengine ameokota sumu penye maji yaliyotuama na mizoga. Mwingine amekula mahindi yenye ukungu. Sumu ya aflatoksini, iliyoua watu zaidi ya 100 Ukambani na sehemu jirani mwaka 2004, huua vifaranga wa bata upesi kuliko wa kuku. Sasa, antibiotiki ya kubahatisha kutoka agroveti itatibu lipi kati ya haya? Pesa zitakwenda bure, na dawa itabaki kwenye mayai tunayowapa watoto.

Basi fanyeni hivi:

1. Mtengeni na wenzake, kisha naweni mikono kwa sabuni.
2. Mwekeni ndani ya katoni yenye matundu na nyasi kavu. Msimfunge miguu na kumning'iniza kichwa chini.
3. Bebeni chakula anachokula, kinyesi chake kidogo, na pakiti ya dawa yoyote aliyopewa.
4. Andikeni alianza kuugua lini, na wangapi wameugua au kufa.
5. Akipewa dawa, ulizeni mayai yasiliwe kwa siku ngapi.

Anzeni kwa afisa wa mifugo wa kaunti aliye karibu. Kule Kabete kuna kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na pia maabara kuu ya mifugo ya serikali. Anayetoka katikati ya mji hufuata Waiyaki Way, apite Westlands na Kangemi. Pigeni simu kwanza, maana si kila daktari hutibu ndege. Wa kibinafsi awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board.

Akifa, msimle wala msimtupe. Mfungeni katika mifuko miwili, awekwe penye baridi bila kugandishwa, afikishwe maabara siku hiyo hiyo.

Ni kweli, nauli na ada zaweza kupita bei ya bata mmoja. Lakini jibu la daktari ni la kundi zima, na hata la kuku wa jirani: bata anaweza kubeba kideri asiugue, akawaambukiza kuku. Kwa hiyo gharama isiachiwe mwenye bata peke yake. Kila mkutano wekeni kando kidogo kwa matibabu ya mifugo, na mchagueni mtu wa kuishika hiyo pesa kabla ugonjwa haujabisha hodi.