Muongozaji wa teatri akiwa mzazi: nani anabaki na mtoto saa ya mazoezi?

Katika miji mingi ya DRC, mazoezi ya teatri hufanyika jioni, waigizaji wakiisha kutoka kazini ao kwenye masomo. Ni saa ile ile ambayo watoto wanahitaji kula, kuoga na kulala, na mzee mgonjwa wa nyumbani anangojea dawa zake. Muigizaji mmoja akikosa siku moja, wenzake wanaweza kuruka sehemu yake. Muongozaji akikosa, mara nyingi hakuna mazoezi.

Hiyo ndiyo sababu kazi hii inawasumbua wazazi kuliko kazi nyingine nyingi za jukwaani. Na kwa kuwa malezi ya watoto na utunzaji wa wagonjwa huangukia zaidi wanawake, wao ndio wa kwanza kuiacha.

Mchezo usioandikwa

Kule Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilijulikana kwa michezo yake ya Kiswahili. Mtafiti Johannes Fabian alilifuata kundi hilo mwaka 1986 lilipokuwa likitayarisha mchezo kuhusu methali isemayo kwamba madaraka huliwa mazima. Hapakuwa na kitabu cha kukariri. Waigizaji walijadiliana, wakajaribu, wakabadilisha, mpaka mchezo ukasimama.

Njia hiyo inatumiwa na makundi mengi mpaka leo. Ina uzuri wake, lakini kwa mzazi ina bei. Mchezo ukiwa umeandikwa, msaidizi anaweza kushika karatasi na kuendelea. Mchezo ukiwa kichwani mwa muongozaji na midomoni mwa waigizaji, siku moja ya mtoto kuwa na homa inaweza kurudisha kundi zima nyuma.

Sheria ipo, lakini kwa nani?

Sheria ya kazi ya DRC ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya wiki 14, akilipwa theluthi mbili za mshahara wake. Akirudi kazini anapewa pia vipindi viwili vya nusu saa kila siku kwa ajili ya kunyonyesha.

Tatizo ni kwamba waongozaji wengi hawana mwajiri. Wanapata mchezo mmoja, wanalipwa kwa mchezo huo, kisha wanatafuta mwingine. Bila mkataba wa kazi, ni vigumu kudai likizo hiyo. Mama akikaa nyumbani miezi mitatu, hapotezi tu pesa za miezi hiyo. Anapoteza pia mchezo ambao ungemfanya aitwe kwa mwingine.

Ufaransa ilijaribu kupunguza pengo hilo. Wasanii wanaofanya kazi kwa vipindi hupata msaada wa kukosa kazi wakifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12, na siku za likizo ya uzazi huhesabiwa katika saa hizo. Hata hivyo, kulikuwa na wanawake walioanguka kati ya ofisi moja na nyingine bila kulipwa. Kundi la Les Matermittentes liliundwa ili kuwasaidia kudai haki zao.

Uingereza wahesabu hasara

Nchini Uingereza, muigizaji Cassie Raine na muongozaji Anna Ehnold-Danailov walianzisha mwaka 2015 kampeni ya wazazi na walezi katika sanaa za jukwaani, inayojulikana kwa kifupi kama PiPA. Mwaka 2018, uchunguzi uliofanywa pamoja na chuo cha Birkbeck cha London uliuliza watu zaidi ya 2,500 wa fani hiyo. Zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 walisema walibadilisha kazi yao kwa sababu ya majukumu ya malezi. Kwa wanaume, walikuwa kama 2 kati ya 10.

Baada ya hapo majumba kadhaa ya teatri yalianza kubadilisha desturi. Mengine yalijaribu mazoezi ya siku tano kwa wiki badala ya sita. Mengine yanatoa ratiba mapema, ili mzazi ajue siku gani atahitaji mtu wa kubaki na mtoto. Ugumu mkubwa unabaki kwenye siku za kupanga taa na sauti, ambazo huanza asubuhi na kumalizika usiku.

Bibi, shangazi na bajeti

Mtu anaweza kusema kwamba Congo haina shida hiyo, kwa kuwa kuna bibi, shangazi na dada wakubwa. Ni kweli kwamba michezo mingi imesimama kwa sababu ya bibi aliyebaki na wajukuu, ingawa jina lake haliandikwi kwenye tangazo. Lakini vita na kuhama vimetawanya familia nyingi za mashariki, na maisha ya mjini yanalazimisha hata bibi kwenda sokoni. Tena bibi huyo huyo, siku moja, ndiye anayehitaji kutunzwa.

Michezo mingi inayochezwa Congo ni ya uhamasishaji: kuhusu afya, amani ao uchaguzi, na inalipiwa na mashirika. Katika bajeti zake utaona usafiri, chakula, mavazi na spika. Mtu wa kulinda watoto wakati wa mazoezi huonekana kwa nadra, hata pale ambapo mchezo wenyewe unazungumzia haki za wanawake.

Mabadiliko mengine hayahitaji pesa nyingi: kutoa ratiba wiki mbili mbele, kuanza na kumaliza saa iliyosemwa, kurekodi mazoezi kwa simu ili asiyekuwepo afuate, na kumpa msaidizi ruhusa ya kweli ya kuongoza. Kuwa na waongozaji wawili kwa mchezo mmoja pia kunawezekana, mradi wakubaliane mapema nani anakata neno la mwisho.

Muongozaji ndiye anayechagua habari gani ipande jukwaani na nani aiseme. Mama anayenyonyesha ao binti anayemtunza baba yake aliyepooza anajua mambo ambayo wengine wanayasikia tu. Akilazimika kuacha kazi, watazamaji nao wanakosa mchezo ambao ni yeye tu angeweza kuuleta.