Maneno Mawili Tu: Lugha ya Michezo ya Mwanzo ya Kompyuta

Asili ya michezo hii ni Colossal Cave Adventure, uliotungwa Marekani na Will Crowther yapata mwaka 1976, na kupanuliwa na Don Woods mwaka 1977. Hauna picha hata moja. Mashine huandika habari za pango, naye mchezaji hujibu kwa amri fupi: kitendo na jina, basi.

Lililo muhimu kwa mwanafunzi wa lugha ni kwamba programu haikusoma neno zima. Ilitazama herufi tano za mwanzo tu, kwa kuwa kila chumba cha kumbukumbu ya mashine ile, PDP-10, kilichukua herufi tano. Ndiyo sababu mchezaji aliambiwa aandike “NE” badala ya “northeast”, isije ikadhaniwa ni “north”. Scott Adams alipoleta mchezo wa namna hiyo katika kompyuta ya nyumbani, TRS-80, kwa Adventureland ya mwaka 1978, nafasi ilikuwa kilobaiti 16, na herufi zikapunguzwa zikawa tatu.

Kiingereza kilistahimili, maana mabadiliko yake ya sarufi aghalabu huwa mwishoni mwa neno. Kiswahili kingetaabika. “Funga” na “fungua” hupingana, walakini kwa herufi tatu yote ni “fun”: atakaye kuufungua mlango angeweza kuufunga. “Kisu” na “kisima” yangekuwa “kis”, kwani kiambishi cha ngeli kimekwisha kula theluthi mbili za nafasi. Tena kisu kikiisha kutajwa, Mswahili hasemi “twaa kisu”. Husema “kitwae”, na taa “itwae”, na ufunguo “utwae”. Shina limesukumwa nyuma, na irabu ya mwisho imegeuka. Hapo orodha ya maneno haitoshi. Yatakiwa kanuni ya kulivua neno viambishi vyake.

Zork, uliotolewa kwa kompyuta za nyumbani mwaka 1980, ulipiga hatua kubwa: ulipokea sentensi zenye vivumishi na vihusishi, na msamiati wake ulizidi maneno 600. Hata hivyo kila neno lilihifadhiwa kwa herufi sita. “Fungua” lingesalimika, na “kitwae” lingeenea barabara. Lakini “kichukue” lingekatwa likawa “kichuk”, na mashine isingejua kama mchezaji ameamuru kukichukua kisu au kukichukia.