Namba tatu ameanguka, imeanguka, zimeanguka

Nilipokuwa Kasanga, kwenye mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, wenyeji wangu waliniomba niwasaidie kuandika matokeo ya mbio za baiskeli za watoto. Uwanja wenye vilima na kona za udongo, kama ule wa BMX, haukuwapo. Palikuwa na kipande cha barabara ya vumbi, baiskeli za kila umbo, na vibao vya boksi vilivyofungwa kwa kamba mbele ya usukani. Katikati ya mbio, kijana aliyewekwa kwenye kona alipaza sauti: “Namba tatu imeanguka!” Mwenzangu akaandika kwamba kibao kimedondoka, tukaendelea. Kumbe aliyeanguka ni mtoto mwenyewe. Tulimkuta kando ya njia ameshika goti.

Aliyepaza sauti hakukosea. Nomino *namba* imo katika ngeli ya I-ZI, na kisarufi *namba imeanguka* ni sentensi kamili. Lakini katika mbio namba hugeuka kuwa jina la mtu, na jina la mtu huvuta upatanisho wa ngeli ya A-WA. Linganisha:

*Namba tatu ameanguka.* Mtoto mwenye namba 3 yuko chini, afuatwe.
*Namba tatu imeanguka.* Kibao chenye namba 3 kimedondoka.
*Namba tatu zimeanguka.* Vibao vitatu vimedondoka, vyovyote vile.

Silabi moja ya mwanzo wa kitenzi ndiyo inayoamua kama mtu atakimbia na maji ya kuoshea kidonda au atainama kuokota boksi. Nashauri waamuzi wa mbio za wanaoanza wakubaliane mapema: kiambishi *a-* ni cha mpanda baiskeli, *i-* ni cha kibao, na asiye na hakika aseme *mtoto wa namba tatu*.

Pasipo kitenzi cha kusaidia, utata hubaki. Tangazo lililopelekwa kwa wazazi lilisema: “Kila mtoto achague namba tatu.” Mzazi mmoja alielewa kwamba wanawe wote watavaa 3. Mwingine alileta namba tatu za kuchagua, ikiwa ya kwanza imeshachukuliwa, na hilo ndilo lililokusudiwa. Wa tatu alileta 407, yaani namba yenye tarakimu tatu. Wote watatu walisoma Kiswahili sahihi. *Tarakimu* ni alama moja moja, 0 hadi 9. *Namba* ni utambulisho unaoundwa na alama hizo. *Idadi* ni wingi wa vitu. Katika maandishi, desturi moja ndogo huondoa sehemu kubwa ya tatizo: utambulisho uandikwe kwa tarakimu (*namba 3*), na idadi iandikwe kwa maneno, ikiwezekana pamoja na kivumishi (*namba tatu tofauti*). Kuhusu *namba* na *nambari*, yote mawili ni sahihi. La kwanza limezoeleka zaidi Tanzania, la pili Kenya.

Kuna mtego mwingine wakati wa kutangaza washindi. Shuleni tumezoea kusema kwamba mtoto *ameshika namba mbili*, tukimaanisha amekuwa wa pili. Mbele ya watoto waliovaa namba, maneno hayo hayafai: “Namba nane ameshika namba mbili” humfanya mwenye kibao cha 2 ashangilie bure. Sema *nafasi ya pili*, na uiachie *namba* kazi ya kutambulisha.

Namba ipi basi apewe anayeanza? Watoto wengi huomba 1, 7 au 10, kwa sababu zinazofahamika kwa yeyote atazamaye soka. BMX, mchezo uliozaliwa California watoto walipoiga mbio za pikipiki kwa baiskeli zao ndogo, na ulioingia katika Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008, una mila yake: namba ndogo ni za heshima, na 1 ni ya bingwa. Nasi tuna mantiki hiyohiyo, kwani *namba moja* ni sifa ya ubora kabla ya kuwa hesabu. Anayeanza asidhani amenyimwa kitu akipewa 34.

Jambo la msingi zaidi ni namba kusikika. Geti la kuanzia la BMX huachia waendeshaji wanane kwa pamoja, na mbio huisha katika muda usiofika dakika. Anayeita namba hana nafasi ya kurudia. Hapo ndipo 6 na 9 zinapotusumbua kuliko zinavyowasumbua wasemaji wa lugha nyingine. Kwa macho, 6 iliyopinduliwa ni 9. Kwa masikio, *sita* na *tisa* ni neno lilelile lililobadilishana konsonanti: s-t, t-s, irabu zikibaki mahali pake. *Sitini* na *tisini* hali kadhalika. Upepo wa ziwa ukivuma, tofauti hiyo hupotea kabisa. *Nne* na *nane* nazo si salama sana, ingawa *nane* ina silabi iliyo wazi zaidi.

Dawa moja tunayo kabatini. *Sita*, *saba* na *tisa* zimetoka Kiarabu, ilhali *moja* hadi *tano*, pamoja na *nane* na *kumi*, ni za Kibantu. Kabla *tisa* haijatawala, tisa iliitwa *kenda*, na kamusi bado zinalihifadhi neno hilo. Waamuzi wakilifufua kwa matumizi ya uwanjani, 69 ikaitwa *sita-kenda*, tarakimu moja baada ya nyingine, hakuna atakayeisikia kama 96. Wanaoona neno hilo ni la kizamani mno wagawe namba zisizo na 6 wala 9. Kwa watoto ishirini zinatosha.

Lililobaki ni jina la kile kifaa chenyewe. Mitaani husikika *pleti namba*, kama ya gari au bodaboda. *Kibao cha namba* linafaa zaidi katika maandishi, mradi kiunganishi *cha* kisidondoke. *Namba kibao*, katika lugha ya vijana, ni namba nyingi mno. Kibao kiandikwe kwa tarakimu nene, nyeusi juu ya rangi nyepesi, na iliyo na 6 au 9 ipigwe mstari chini, kwa sababu baiskeli iliyopinduka huonyesha namba yake kichwa chini, na huo ndio wakati tunaohitaji zaidi kujua ni ya nani.